Neno "Hifadhi" na Lugha ya Watetezi wa Misitu

Katika miji ya pwani mtu akisema kwamba mwanawe amehifadhi, hana haja ya kuongeza neno. Maana yake ni kuwa mtoto amekwisha kuiweka Kurani moyoni, sura kwa sura, na hata msahafu ukikosekana yeye ataisoma. Mama amwagapo mwana anayesafiri humwambia, "Mungu akuhifadhi." Neno lilitoka katika Kiarabu, likakaa katika Kiswahili karne nyingi likiwa na maana hiyo ya kukitia kitu mahali pa salama, karibu na moyo wa anayekipenda. Katika wilaya ya Mbarali, mkoani Mbeya, neno hilo hilo likitajwa huleta swali la namna nyingine: mpaka umepita wapi? Huko hifadhi ni eneo lenye alama za mawe na askari, nalo huanzia pale ambapo ng'ombe hawaruhusiwi tena kufika.

Jinsi neno lilivyotoka katika maana ya kwanza likaingia katika ya pili ni jambo linalostahili kuchunguzwa, kwa kuwa watu wanaotetea misitu, nyika na pwani mbele ya viwanda, mabwawa na mashamba makubwa hulitumia kila siku kama silaha yao ya kwanza. Juu ya mambo wanayoyatetea yameandikwa mengi na wataalamu wa mimea, wa maji na wa sheria. Juu ya lugha wanayotetea nayo yameandikwa machache, ilhali utetezi ni kazi ya maneno kabla haujawa kazi nyingine yoyote: mwanakijiji hana trekta wala wakili, ana mkutano wa kijiji, na katika mkutano huo ana ulimi wake. Makala haya yatazama zaidi Mbeya na Iringa. Pwani nayo imeingizwa, kwa kuwa maji yenyewe huiingiza: mito ya Usangu hukutana ikawa Ruaha Mkuu, Ruaha Mkuu huingia Rufiji, na Rufiji humwaga maji yake katika mikoko ya Delta.

Yafaa kuanza na majina ya miradi, kwani ndiyo yaliyoifikisha lugha mpya vijijini. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ukaitwa HADO. Mwaka 1979 mradi huo ulitoa mifugo yote katika sehemu za Kondoa zilizomomonyoka, na maelfu ya ng'ombe, mbuzi na punda wakahamishwa. Ardhi ilipona kwa sehemu kubwa, hilo halina ubishi. Lakini neno hifadhi liliingia vijijini likiongozana na amri ya kuhama. Mwaka 1986 ukafuata HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Kisha Iringa ikapata HIMA, Hifadhi Mazingira, uliogharimiwa na Denmark tangu karibu na mwanzo wa miaka ya 1990. Na baada yake ukaja MEMA, yaani Matumizi Endelevu ya Misitu ya Asili, uliosaidia vijiji vya Iringa kupewa misitu waisimamie wenyewe.

Msemaji yeyote wa Kiswahili hawezi kusoma HIMA bila kusikia "haraka". Waliolitunga jina hilo bila shaka walifurahi kupata herufi zinazosomeka kuwa neno, na pengine waliona ni wito mzuri. Walakini kazi ya HIMA ilikuwa kuzuia mmomonyoko, kupanda miti na kulinda vyanzo vya maji katika miteremko ya Iringa, na katika kazi zote za mkulima hakuna inayokataa haraka kama hizo. MEMA ni jina zuri zaidi kwa sikio, lakini lina kasoro yake: kitu kikiitwa mema tangu siku ya kwanza, anayekipinga ataitwaje? Jina limekwisha kutoa hukumu kabla ya majadiliano. Na neno endelevu lililo ndani yake lataka kuangaliwa kidogo. Limetoka katika kitenzi endelea, ambacho ndicho kilichozaa maendeleo. Basi "maendeleo endelevu", msemo unaopendwa mno ofisini, ni mwendo unaoendelea kwenda. Mwanakijiji aliyeuona mwendo huo ukipita juu ya shamba lake hatafarijika kuambiwa kwamba hautasimama.

Kati ya majina hayo manne, HASHI ndio mradi uliofanikiwa kuliko yote katika jambo moja la lugha, nalo halikuwa katika jina lake. Wasukuma walikuwa na desturi ya kufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua ili mifugo ipate majani wakati wa kiangazi, na sehemu hiyo waliiita ngitili. Maofisa wa HASHI, baada ya kuhangaika na miche ya kigeni, walilichukua neno hilo na desturi yake, wakaliingiza katika mipango na katika sheria ndogo za vijiji. Ngitili zilirudi, zikafika zaidi ya hekta 300,000, na mwaka 2002 mradi ukapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Haitakuwa haki kusema kwamba neno peke yake lilirudisha miti. Lakini mtu aliyesikia "ngitili" alijua papo hapo ni ya nani, nani huifunga, nani huifungua na lini. Aliyesikia "hifadhi" ilimpasa kungoja aelezwe.

Swali linalofuata ni kama Nyanda za Juu za Kusini zilikuwa na maneno ya namna ya ngitili. Yalikuwako, na mengine yameonyesha nguvu yake mbele ya dunia nzima. Mfano ulio bora ni kipunji.

Wanyakyusa wanaoishi chini ya mlima Rungwe walikuwa wakimtaja kima wa msituni kwa jina hilo. Watafiti waliolisikia walidhani kwanza kwamba huenda ni mnyama wa hadithi, au jina jingine la kima ajulikanaye. Mwezi wa Mei 2003 Tim Davenport na wenzake walimwona katika misitu ya Rungwe na Livingstone. Mwaka 2004 Trevor Jones na wenzake, wasiojua habari za hao wa kwanza, walimwona katika msitu wa Ndundulu, katika milima ya Udzungwa upande wa Iringa. Mwaka 2005 makundi yote mawili yaliandika pamoja katika jarida la Science, na jina la Kinyakyusa likaingia katika jina la kisayansi. Mwaka 2006 uchunguzi zaidi ulionyesha kwamba mnyama huyu ni wa jenasi yake peke yake, ikaitwa Rungwecebus. Afrika haikuwa imepata jenasi mpya ya nyani au kima kwa muda wa miaka 83. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilikadiria kipunji 1,117 tu. Mwaka 2009 Rungwe ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia.

Habari hii husimuliwa kama ugunduzi. Kwa mwanafunzi wa lugha ni kinyume chake: neno lilikuwako, na elimu ilichelewa kuliamini. Msamiati wa wawindaji wa Rungwe ulikuwa na ingizo moja zaidi kuliko vitabu vyote vya wanyama, na ingizo hilo lilikuwa sahihi. Hapo ndipo watetezi wa misitu walipopata silaha isiyoshindika, kwa sababu mtu akija na mpango wa kukata miti Rungwe huulizwa habari za kipunji, na kipunji ni jina ambalo mzee wa Rungwe na profesa wa ng'ambo hulitamka sawasawa. Kiswahili nacho kimelipokea bila shida, ingawa yafaa kuwakumbusha waandishi wa magazeti kwamba ki- hiki hakimfanyi mnyama kuwa kitu. Husemwa kipunji huyu anaishi, wala si kipunji hiki kinaishi.

Ulinganishe mfano huo na ule wa chura wa Kihansi. Katika genge la mto Kihansi, kwenye ukingo wa Udzungwa ambako nchi ya Iringa huteremka kwenda bonde la Kilombero, chura mdogo sana aligunduliwa mwaka 1996, bwawa la umeme likiwa limekwisha kuanza kujengwa. Aliishi katika majani yaliyoloweshwa na manyunyu ya maporomoko, wala haonekani mahali pengine popote duniani. Mitambo ya megawati 180 ilipochukua karibu maji yote, manyunyu yalikwisha. Mwaka 2000 vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani wakatunzwe katika bustani za wanyama. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba wametoweka katika makao yao ya asili. Na tangu 2012 wamekuwa wakirudishwa chini ya manyunyu ya mabomba. Nchini Tanzania habari hii ikawa mzaha. Bungeni na magazetini "vyura wa Kihansi" yakawa maneno ya kumchekea mtu anayejali vidogo akasahau vikubwa.

Mzaha huo una sababu nyingi, na gharama ya kuwatunza vyura ni mojawapo. Lakini sababu ya lugha haikutazamwa. Chura huyu hakuwa na jina. "Chura wa Kihansi" ni maelezo yaliyofasiriwa kutoka katika ripoti. Ni kama kumwita mtu "yule wa Kihansi". Hapana nyanya aliyemtaja katika hadithi, wala hakuna mtoto aliyekatazwa kumpiga kwa kuwa ni wa fulani. Aliingia katika Kiswahili akiwa tayari ni hoja ya wageni, na Kiswahili kilimpokea kama kinavyopokea hoja za wageni zinazogharimu fedha: kwa kicheko.

Majina ya mahali yana kisa kama hicho. Uwanda wa Kitulo ulio kati ya Mbeya na Makete ulifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, ukiwa na aina zipatazo 350 za mimea, na okidi za aina 45. Wenyeji waliuita Bustani ya Mungu. Jina hilo limefanya kazi kubwa kuliko hotuba nyingi, kwa kuwa bustani ina mwenyewe, na mwenyewe akiwa ni Mungu mwekezaji hana wa kwenda kupatana naye bei. Njombe, ambayo mpaka mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya mkoa wa Iringa, iko Nyumba Nitu, maana yake nyumba nyeusi: msitu wa Wabena wenye pango na masimulizi ya ng'ombe weusi, ambao watu waliuogopa na kuuheshimu kabla ya ofisa misitu wa kwanza kuzaliwa. Hapa neno ni nyumba. Aingiaye msitu ulioitwa hivyo hana budi kujua kwamba ameingia kwa mtu.

Basi na iulizwe: kwa nini watetezi, wenye maneno kama hayo mkononi, huyaacha nje ya ukumbi wa mkutano, wakaingia na "hifadhi", "mazingira", "maliasili" na "wadau"? Mazingira ni neno lililotoka katika zingira, nako kuzingira katika Kiswahili cha zamani ni kumzunguka adui ili asitoke. Maliasili limeundwa kwa mali, na mali huuzwa. Wadau huhusishwa na dau, lile fungu linalotiwa katika mchezo wa kubahatisha. Mwanakijiji aitwaye mdau wa msitu wake amekwisha kuketishwa mezani na wachezaji wenye mifuko mikubwa. Na katika kila andiko husemwa kwamba "wananchi waelimishwe", kana kwamba aliyemjua kipunji kabla ya Science ndiye mwenye upungufu wa elimu.

Jambo zito zaidi liko Mufindi, na lahusu neno msitu lenyewe. Kiswahili kina ukarimu katika sehemu hii ya msamiati. Msitu ni mkusanyiko wa miti iliyosongamana. Mwitu ni neno la zamani kidogo, lililobaki zaidi katika "nguruwe mwitu" na "mbwa mwitu". Pori ni mahali pasipolimwa. Nyika ni majani na anga. Na shamba ni kazi ya mikono ya mtu. Huko Sao Hill misonobari na mikaratusi ilianza kupandwa kwa majaribio mwaka 1939, ikapanuliwa sana katika miaka ya 1970 ili kukilisha kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilichoanza kazi mwaka 1985. Jina lake katika Kiswahili cha Serikali ni Shamba la Miti Sao Hill. Jina hili ni la kweli kabisa, na la kweli zaidi kuliko lile la Kiingereza linaloingiza neno msitu ndani yake. Miti ya Sao Hill hupandwa kwa mistari, hupaliliwa, huvunwa. Ni shamba, kama lilivyo shamba la chai lililo jirani.

Tangu miaka ya 1990 kampuni za watu binafsi, mojawapo ya Norwe, zilipata ardhi za vijiji vya Mufindi na vya jirani, zikapanda miti juu ya nyika za milimani, nyingine zikinuia pia kuuza hewa ya ukaa. Hapo ndipo neno lilipoteleza. Katika maandiko ya shughuli hiyo iliitwa "upandaji wa misitu", na kazi yenyewe ikasifiwa kuwa hifadhi. Watetezi wengi walikubali, kwa kuwa walikwisha kuzoea kwamba mti ni mwema na kukata ni uovu. Wito wao wote ulikuwa "panda miti". Walijikuta hawana neno la kutetea nyika. Majani hayakatwi na msumeno. Hufunikwa na kivuli. Na lugha waliyokuwa nayo haikuwa na namna ya kusema kwamba kupanda mti kwaweza kuharibu.

Tofauti kati ya Kitulo na Mufindi hapa ni ya kusikitisha. Mahali pote pawili ni nyika ya milimani, ya baridi na ukungu, yenye maua yaotayo baada ya mvua. Mahali pamoja paliitwa Bustani ya Mungu, pakawekewa ulinzi. Mahali pengine paliitwa ardhi isiyotumika, pakapandwa mikaratusi. Yawezekana mwanabotania atataja tofauti za mimea, na mwanasiasa atataja tofauti za barabara na soko. Zote zina nafasi yake. Ila kabla ya hao kufika, jina lilikuwa limekwisha kuamua nani atahesabiwa kuwa mwenye mahali.

Maneno "ardhi isiyotumika" hayakutungwa na kampuni. Yamo katika sheria. Mwaka 1999 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Ardhi, Na. 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5, zote zikiandikwa kwa Kiingereza, zikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Sheria ya kwanza, inapofasiri ardhi ya jumla, husema kwamba ni ardhi yote ya umma isiyo ya akiba wala ya kijiji, kisha huongeza kwamba yaingia humo pia ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya pili haina nyongeza hiyo; yenyewe yatambua kwamba kijiji chaweza kuwa na ardhi iliyowekwa ili igawiwe baadaye. Wanasheria wameibishania tofauti hii kwa zaidi ya miaka 20. Kwa mkulima wa Iringa ubishi huo ni wa maisha yake. Shamba alilolipumzisha miaka mitano linatumika? Kilima cha kuchungia wakati wa kiangazi tu kinatumika? Nyumba Nitu, ambamo hakuna alimaye wala akataye, inatumika? Katika lugha yake kila kimoja kina jina na mwenyewe. Katika lugha ya kifungu kile vyote vitatu vyaweza kuwa tupu.

Usangu kisa kiligeuka upande wa pili. Huko aliyeitwa mharibifu alikuwa mfugaji na mkulima wa mpunga, na aliyekuja kwa jina la hifadhi alikuwa Serikali. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu ulianza kukauka wakati wa kiangazi katika sehemu yake ya hifadhini; lawama ikawaangukia wafugaji wa Ihefu, ingawa mifereji ya mashamba makubwa ya mpunga nayo ilikuwa ikinywa maji yale yale. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji na mifugo yao waliondolewa. Mwaka 2008, kwa Tangazo la Serikali Na. 28, Hifadhi ya Taifa ya Ruaha iliongezwa ikaimeza Usangu, ikawa na ukubwa wa kilometa za mraba zaidi ya 20,000. Tangu hapo "GN 28" limekuwa neno la Kiswahili cha Mbarali. Husemwa "mgogoro wa GN 28" kama isemwavyo njaa ya mwaka fulani. Mwanaisimu hawezi kulipita jambo hilo bila kusimama: watu walikosa jina la jambo lililowapata katika lugha zote walizonazo, wakalipa namba ya tangazo lenyewe.

Baada ya hapo ulikuja mradi wa REGROW wa kukuza utalii wa kusini, uliogharimiwa na Benki ya Dunia kwa mkopo wa dola milioni 150. Wanavijiji wa Mbarali walipeleka malalamiko yao Benki mwaka 2023, kwamba upanuzi wa hifadhi uliambatana na mateso na kunyang'anywa mali. Benki ilisimamisha malipo Aprili 2024, na Novemba mwaka huo mradi ukafutwa. Walalamikaji hawakuwa adui wa mto. Walisema kwa namna mbalimbali kwamba wameishi nao. Lakini hawakuwa na neno la kusema hayo, kwa kuwa neno lililofaa, hifadhi, lilikuwa limekwisha kuchukuliwa na kuvishwa sare. Ikawa yeyote anayetaka kubaki penye mto wake huonekana anapinga mto kulindwa.

Maji hayo hayo yakishuka hufika Delta ya Rufiji, penye mikoko inayofunika hekta zipatazo 53,000. Mwaka 1997 Serikali ilikubali kampuni moja ifuge kamba katika hekta zipatazo 10,000 za Delta, ingawa Baraza la Taifa la Hifadhi ya Mazingira lilikuwa limetoa ushauri wa kukataa. Wanavijiji walikwenda Mahakama Kuu wakisaidiwa na mawakili wa LEAT, na waandishi wa habari za mazingira walilipeleka jambo hilo magazetini. Vijiji vyenyewe viligawanyika, wengine wakitazamia kazi, haifai kufichwa. Mwishowe mradi haukujengwa.

Katika habari za Rufiji neno lililotawala lilikuwa "mikoko". Kwa mtu wa bara latosha. Kwa mtu wa pwani mkoko ni mti mmoja tu kati ya jamii yake: uko mchu, uko mkandaa, uko msinzi, uko mlilana, uko mkomafi, na kila mmoja una mahali pake katika tope na kazi yake katika nyumba au chombo. Lamu, walikotoka maboriti yaliyojenga miji ya Arabuni, hata mti uliokwisha kukatwa hubadili jina kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Mtu mwenye msamiati huo akielezwa kwamba "mikoko itapandwa upya mahali pengine" ana maswali kumi ya kuuliza. Aliyepewa neno moja hana swali hata moja. Yashangaza kwamba andiko la kutetea Delta laweza kuwa na kurasa nyingi juu ya mazalia ya kamba, lisiwe na mstari mmoja wenye majina hayo.

Lamu yenyewe ilipata jaribu lake. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba ujenzi wa bandari mpya ulikiuka haki za wakazi, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Na tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Rufaa la Mazingira lilifuta kibali cha kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 kilichokuwa kijengwe Kwasasi. Sababu moja kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa kama sheria itakavyo: mikutano ilifanywa kabla ripoti ya athari haijakamilika, na yaliyokuwamo hawakuelezwa. Hukumu hiyo yafaa isomwe na kila mwalimu wa lugha, kwa maana yasema kwamba kusikilizwa hakuwezi kuanza mpaka mtu aambiwe jambo kwa namna anayoielewa. Chama kilichoongoza utetezi huo, kwa bahati mbaya, chaitwa Save Lamu. Ushujaa wa watu hao hauna shaka, na sababu ya jina yafahamika, kwani wafadhili na magazeti ya dunia walihitajika. Lakini kwamba mji ulioilea mitungo mikubwa ya Kiswahili ulikwenda kujitetea kwa jina la Kiingereza ni jambo la kuwahuzunisha wapenzi wa lugha.

Tanzania ina kanuni nzuri hapa kuliko jirani yake: kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za mwaka 2005 zataka muhtasari usio wa kitaalamu uandikwe kwa Kiswahili pia. Ila muhtasari ni kurasa chache, na mara nyingi Kiswahili chake ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Mwenye kutaka kujua mto utapungua kwa kiasi gani hukuta "athari hasi zitapunguzwa kwa hatua stahiki".

Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na kazi ya kufasiri sheria kuu ikaanza. Wafasiri watakapofika kwenye kifungu cha 2 cha Sheria Na. 4 watakuta nyongeza ile juu ya ardhi ya kijiji, na watakuwa na njia mbili za kuiandika. Waweza kuandika "isiyotumika", kama ilivyozoeleka na kama ilivyoandikwa katika makala haya hapo juu. Umbo hilo la -ika halimtaji mtendaji. Tena lina maana mbili, kwamba kitu hakitumiki sasa, na kwamba hakifai kutumiwa. Waweza pia kuandika "isiyotumiwa". Umbo la -iwa hungoja mtendaji: isiyotumiwa na nani? Mbele ya umbo hilo mzee wa kijiji cha Mufindi aweza kusimama mahakamani akataja majina ya waliochunga pale, ya waliokata majani ya kuezekea, na ya wale waliokatazwa na babu zao wasiguse. Mbele ya umbo la kwanza hakimu hana haja ya kumwuliza.